Wiski ya moshi ya Uskoti: namna ya kuichagua na kuionja

Shemeji yangu wa Mwanza alinusa glasi niliyompa, akairudisha mezani taratibu, akanitazama. "Shem, hii si pombe. Huyu ni sangara wa kubanika."

Ilikuwa Lagavulin ya miaka 16, na hakukosea. Kabla hajaonja hata tone, pua yake ilikuwa imeshakamata kitu ambacho wengine hukitafutia maneno kwa miaka. Amekulia ziwani, nyumbani kwao samaki walilazwa juu ya vichanja na moto wa kuni ukawashwa chini, na moshi ule ulikuwa nguoni mwake tangu utotoni.

Kwetu watu wengi hukutana na wiski hii bila kutarajia. Mtu ameletewa chupa ya zawadi kutoka safari, anaifungua siku ya sikukuu, anaijaza barafu na soda, anakunja uso na kusema imeharibika. Haijaharibika. Imetengenezwa inuke vile, kwa gharama na kwa makusudi. Na sisi tuliolelewa na majiko ya kuni, mitungi ya maji iliyofukizwa kwa ubani na vibuyu vya maziwa vilivyosuguliwa kwa mkaa, tunaujua moshi kwa majina yake mengi. Ushauri wangu wote hapa umesimama juu ya hilo: chagua wiski yako kwa kufuata moshi ambao pua yako inaujua tayari, kisha uupe muda na maji kidogo.

Naandika kwa watu wazima wanaokunywa. Asiyekunywa, kwa imani au kwa afya, hapungukiwi kitu.

Hatua ya 1: Jua moshi unaingiaje

Watu wengi hudhani moshi unatoka kwenye mapipa yaliyochomwa ndani, au kwenye maji ya mito ya huko ambayo yana rangi ya chai. Moshi unaingia mapema zaidi, nafaka ikiwa bado mbichi.

Anayejua mbege au busaa anajua kimea. Nafaka inalowekwa, inatandazwa, inaachwa ichipue, halafu inakaushwa ili isiendelee kuota. Kwa mbege ni ulezi. Kwa wiski hii ni shayiri. Tofauti iko kwenye kukausha. Sisi tunaanika juani. Uskoti jua la kutegemea hakuna, kwa hiyo kimea hukaushwa juu ya moto, na katika kisiwa cha Islay moto huo kwa karne nyingi uliwashwa kwa kile Waskoti wanachokiita piti. Kisiwa kile kiko pwani ya magharibi, kinapigwa na upepo wa Atlantiki, miti yake ni michache na sehemu kubwa ya ardhi ni kinamasi. Kwenye kinamasi hicho nyasi, mizizi na mimea midogo ya majimaji hufa na kulala ndani ya maji bila kuoza sawasawa. Tabaka hilo hukua takriban milimita moja kwa mwaka. Ukichimba mita moja, unashika majani yaliyokuwa hai miaka elfu moja iliyopita. Hukatwa kama matofali wakati wa machipuko, huanikwa majira ya joto, kisha huchomwa. Wasomaji wa Rwanda wataitambua mara moja, maana ni nyiramugengeri ile ile inayochimbwa mabondeni kwao. Burundi nako inachimbwa.

Piti haiwaki kwa ndimi kubwa. Inafuka. Moshi wake mzito unapanda, unapita katikati ya kimea kilicholowa, na maganda ya shayiri yanaunywa. Ndiyo maana moshi hutiwa mwanzoni, nafaka ikiwa na unyevu. Ikishakauka hainywi tena sana. Kwa Kiswahili tuna kitenzi kinachofaa kabisa: kimea kinafukizwa. Kama mtungi ulivyobaki na harufu ya ubani hata ukijazwa maji mapya mara kumi, kimea hiki kinabaki na moshi wake kikisagwa, kikichachushwa, kikitoneshwa mara mbili kwenye mitambo ya shaba na kulala pipani miaka kumi. Kinachobaki ni kundi la kemikali ziitwazo fenoli. Nyingine hunuka jivu, nyingine lami, nyingine dawa ya kusafishia vidonda.

Laphroaig, Bowmore na Kilchoman bado hutandaza sehemu ya shayiri yao sakafuni na kuigeuza kwa majembe ya mbao. Viwanda vingine vya Islay hununua kimea kilichokwisha kufukizwa, hasa kutoka kituo kikubwa cha Port Ellen, kisiwani hapo hapo.

Hatua ya 2: Chagua moshi unaoujua

Hapa ndipo pa kutulia. Wauzaji hupenda kuzipanga wiski hizi kwa ukali: hafifu, wastani, kali. Mpangilio huo unasaidia kidogo, lakini haukuambii utapenda nini. Jiulize badala yake: ni moshi gani uliwahi kukufurahisha?

Kama ni moshi wa samaki wa kubanika, wenye mafuta na utamu kwa mbali, anza na Lagavulin ya miaka 16. Ni nzito, ya taratibu, na chini ya moshi kuna kitu kama zabibu kavu na chai ya rangi iliyokolea. Bei yake ni ya juu, kwa hiyo ionje kwanza kwa mtu au baa kabla ya kununua chupa nzima.

Kama ni jivu safi la asubuhi, moto umezimika na mtu anakamulia limau pembeni, tafuta Caol Ila ya miaka 12. Hii naipenda kwa wanaoanza kwa sababu moshi wake haupigi kelele. Ni nyepesi, ina mafuta kidogo ulimini, na inaacha nafasi ya vitu vingine.

Kama unapenda pilipili manga na upepo wa baharini, Talisker ya miaka 10, kutoka kisiwa cha Skye. Imewekwa chupani ikiwa na asilimia 45.8 za kilevi, na mwishoni inachoma kooni kama pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi. Ningekuwa na nafasi ya kumpa mgeni wiski moja tu ya moshi, ningempa hii.

Kama moshi wako ni wa mizinga ya asali, ule wa warina asali wanaofukuza nyuki usiku, nenda kaskazini hadi visiwa vya Orkney, kwenye kiwanda cha Highland Park. Piti yao huchimbwa Hobbister, ambako miti ni michache mno, na imejaa mabaki ya kichaka kifupi chenye maua ya zambarau. Moshi wake ni mwororo, wenye utamu wa maua. Kwa anayeogopa moshi, huu ni mlango mzuri. Bowmore ya miaka 12 nayo iko jirani na hapo kwa upole, ingawa ni ya Islay.

Lami, masizi na ndimu kwa pamoja ni Ardbeg ya miaka 10. Inatoka na asilimia 46, ni kavu, ina nguvu, na haina haya.

Halafu kuna moshi wa zahanati. Laphroaig ya miaka 10 hunuka iodini, bandeji na mwani uliotupwa ufukweni. Watu hugawanyika hapo hapo, na sijaona wa katikati. Mimi mwenyewe ilinichukua muda. Siku niliyoielewa ilikuwa ya mvua, nikaikuta ina utamu wa vanila nyuma ya ile dawa, na tangu hapo haijakosekana kabatini kwangu. Kiwanda hiki kiliwahi kuongozwa na mwanamke, Bessie Williamson, aliyefika mwaka 1934 kwa kazi ya muda ya ukarani na kuishia kukimiliki tangu 1954, zama ambazo wanawake walikuwa nadra sana kwenye kiti hicho.

Onyo moja. Usinunue kwa kuona tu neno Islay. Bunnahabhain na Bruichladdich, zote za Islay, hutengeneza wiski nyingi zisizo na moshi kabisa. Bruichladdich wanapotaka moshi huandika jina jingine: Port Charlotte kwa moshi mkubwa, Octomore kwa ule uliopitiliza.

Na majina haya yasikuogopeshe kaunta. Ni ya Kigaeli na hayasomwi yalivyoandikwa. Islay tamka "Aila", Laphroaig "Lafroig", Lagavulin "Lagavuulin", Caol Ila "Kaliila", Bruichladdich "Brukladi", Bunnahabhain "Bunahaven".

Kama bei za hizi zote ziko mbali, kuna ngazi ya chini ambayo huenda umeshaikanyaga bila kujua. Johnnie Walker Black Label, inayopatikana karibu kila baa ya Nairobi na Dar es Salaam, ni mchanganyiko wa wiski nyingi, na Caol Ila ni mojawapo ya viwanda vinavyouchangia. Moshi umo. Soda ndiyo inayoufunika. Agiza toti moja kavu, tia maji kijiko kimoja cha chai, unuse polepole. Ukiuona moshi na ukaupenda, una sababu ya kuendelea.

Hatua ya 3: Soma chupa

Maneno "Single Malt", ambayo watu wa baa hutamka singo molti, yana maana ya kisheria. Kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinataka itengenezwe katika kiwanda kimoja tu, kwa kimea cha shayiri peke yake, itoneshwe fungu moja baada ya jingine kwenye mitambo ya aina ya chungu, na ilale Uskoti ndani ya mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua mitatu. Isiwe chini ya asilimia 40 za kilevi. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya karameli tu. Tangu mwishoni mwa 2012 ni lazima pia itiwe chupani huko huko Uskoti, kwa hiyo anayekuambia singo molti yake "imejazwa hapa hapa nchini" amekupa jibu la kutosha la kuondoka.

Umri ulioandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Chupa ya miaka 10 inaweza kuwa na ya miaka 15 ndani, lakini haina ya 9. Na kwa moshi, umri mkubwa si lazima uwe bora. Pipa hulainisha, na miaka ikipita moshi hupungua. Mwenye hamu ya moshi mwingi mara nyingi hupata anachotaka kwenye wiski changa: Lagavulin ya miaka 8 ina moshi ulio wazi zaidi kuliko ya 16, na kwangu zinapishana kwa tabia tu.

Rangi iache. Kwa kuwa karameli inaruhusiwa, wiski nyeusi inaweza kuwa imepakwa tu. Asilimia za kilevi ndizo zenye maana zaidi. Chupa nyingi za 40 au 43 hupozwa na kuchujwa kiwandani ili zisipate ukungu kama maji ya mchele zinapokutana na barafu, na mchujo huo huondoa mafuta fulani. Kuanzia 46 kwenda juu watengenezaji wengi huacha kuchuja hivyo, na utaihisi kwenye ulimi: inateleza, inakaa.

Kisha kuna namba ya ppm, yaani sehemu za fenoli kwa kila milioni. Hapa watu wengi hudanganyika. Namba hiyo kwa kawaida ni ya kimea, kabla ya kukigusa, na safari yote inayofuata inapunguza. Bowmore hutumia kimea cha takriban 25, Lagavulin takriban 35, Laphroaig 40 na kidogo, Ardbeg takriban 55. Octomore iliwahi kutoa toleo la kimea cha 309. Ukiinywa, huoni moshi mara sita ya Ardbeg, wala karibu na hapo. Ushahidi mzuri zaidi uko Islay kwenyewe: Caol Ila na Lagavulin huchukua kimea kutoka kituo kile kile cha Port Ellen, chenye moshi unaokaribiana, na zikifika kwenye glasi moja ni kamba ya moshi mwembamba na nyingine ni blanketi. Umbo la mitambo, mwendo wa kutonesha, na wakati mtoneshaji anapoamua kukata, yaani kuacha kukusanya kinachotoka, ndivyo vinavyotofautisha. Fenoli hutoka kwa wingi kuelekea mwisho wa mtoneko. Anayechelewa kukata anachukua moshi mzito zaidi.

Pipa nalo lina neno lake. Yaliyowahi kubeba bourbon, wiski ya Marekani, huleta vanila na nazi. Yaliyowahi kubeba sheri, divai ya Hispania, huleta matunda makavu na viungo. Ardbeg Uigeadail huchanganya yote mawili kwa asilimia 54.2, na nikiinusa nakumbuka nyama iliyopakwa asali ikiwa juu ya makaa.

Hatua ya 4: Nunua kwa macho

Niliwahi kununua chupa ya wiski ya moshi kwa bei iliyokuwa karibu nusu ya bei ya kawaida. Muuzaji alikuwa mcheshi, duka safi. Nilipofika nyumbani nikaona kizibo kinazunguka bila kukwama, na lebo ya nyuma imepinda kidogo. Ndani kulikuwa na kilevi kinachochoma, na moshi hakuna hata wa kusingiziwa. Niliimwaga yote kwenye sinki. Fedha iliniuma, lakini kilichonitisha ni kwamba hakuna anayejua kilichokuwamo. Pombe bandia imepofusha na kuua watu.

Kwa hiyo: nunua duka lenye leseni na udai risiti. Tazama stempu ya kodi. Tanzania kuna programu ya simu ya Hakiki Stempu, Kenya kuna Soma Label. Elekeza kamera kwenye stempu kabla hujatoa fedha, na muuzaji halali hatachukia. Linganisha kiwango cha kinywaji na chupa nyingine za aina hiyo hiyo rafuni. Kagua foili ya shingoni. Chupa iliyokaa dirishani juani iache hata kama ni halisi, kwa sababu jua na joto huichakaza.

Ukiwa na ndugu anayesafiri, maduka ya viwanja vya ndege huwa na chaguo pana zaidi, ila mpe jina kamili na umri kwa maandishi. "Niletee ya moshi" itakuletea chochote.

Hatua ya 5: Andaa chumba, glasi na maji

Siku ya kuonja usifukize udi sebuleni. Manukato, dawa ya mbu, sufuria ya kitunguu jikoni, vyote vinaingia kwenye glasi. Usile pilipili wala kunywa kahawa nusu saa kabla.

Glasi pana ya wiski, ile fupi ya barafu, inapoteza harufu. Tafuta iliyotuna tumboni na kubana mdomoni. Glencairn ndiyo wengi huitumia, lakini glasi ndogo ya divai inatosha kabisa. Ioshe kwa maji ya moto bila sabuni nyingi na usiifute kwa taulo lenye harufu.

Maji yawe ya chupa yasiyo na gesi, au yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya bomba yenye klorini yataharibu kazi. Na barafu iweke kando. Baridi hufunga harufu, na wewe umelipia harufu. Najua joto la Dar mwezi wa Januari. Hapo kilevi hupanda puani kwa fujo. Ninachofanya ni kuonja usiku, au kuiweka glasi tupu kwenye friji dakika chache ipoe kidogo kabla ya kumimina. Kidogo tu.

Kama unaonja zaidi ya moja, anza na yenye moshi mdogo, kisha upande juu. Highland Park, kisha Talisker, kisha Laphroaig. Ukigeuza mpangilio, ya pili itaonekana maji. Tatu zinatosha kwa jioni moja, mimina mililita 20 hadi 25 kwa kila glasi, na funguo za gari zikae kwa mtu mwingine.

Hatua ya 6: Nusa

Ukishamimina, iache dakika tano. Usiitikise kama divai, kilevi kitakurukia. Inamisha glasi, leta pua karibu na ukingo wa juu, mdomo ukiwa wazi kidogo. Mdomo wazi hupunguza mchomo, ni jambo dogo lenye faida kubwa. Vuta pumzi fupi, ondoa, subiri, rudia.

Mara ya kwanza utasikia moshi tu. Ni kama kuingia jiko la kuni kutoka nje: dakika ya kwanza macho yanawasha na huoni kitu, dakika ya tatu unaona chungu, unaona mfuniko, unaona paka nyuma ya mafiga. Pua nayo huzoea. Baada ya mara nne au tano moshi unarudi nyuma na vitu vingine vinajitokeza: limau, tofaa, asali, chumvi, ngozi ya kiatu kipya, majani yaliyolowa. Sema kinachokujia kwa maneno yako. Ukisikia "shati la baba akitoka shambani", andika hivyo hivyo. Maneno ya wataalamu yametokana na jikoni kwao. Yako yatoke kwako.

Hatua ya 7: Onja, halafu tia maji

Funda la kwanza ni la kuamsha mdomo, usilihukumu. La pili chukua dogo, liache ulimini sekunde kumi hivi, lizungushe hadi kwenye mashavu, ndipo umeze. Kisha toa pumzi kupitia puani mdomo ukiwa umefungwa. Hapo ndipo moshi hurudi kwa nguvu kuliko mahali pengine popote, na ndipo utajua kama ni jivu, lami au samaki.

Sasa maji. Wapo wanaoamini kutia maji ni udhaifu. Hata Uskoti watu wa kazi hiyo hutia maji, na sayansi iko upande wao. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walitumia kompyuta kuchunguza guaiakoli, mojawapo ya fenoli za moshi, inavyojiweka ndani ya maji na kilevi. Kilevi kikiwa asilimia 45 au chini, guaiakoli hukaa juu, pale kinywaji kinapokutana na hewa, yaani karibu na pua yako. Kilevi kikizidi asilimia 59, molekuli za kilevi huizunguka na kuizamisha. Wiski hutoka pipani ikiwa kali. Anayetia maji anauinua moshi.

Kwa vitendo: kwenye mililita 30 za wiski ya asilimia 46, anza na nusu kijiko cha chai. Nusa, onja, ongeza nusu nyingine. Kwa wiski kali kama Ardbeg Corryvreckan, yenye asilimia 57.1, kijiko cha chai kimoja na nusu kitaishusha hadi karibu 46. Ile ya asilimia 40 iguse kwa matone tu, au iache. Utajua umefika pale mchomo unapolegea na utamu unapojitokeza. Ukipita hapo inakuwa chapwa na hairudi. Laphroaig ikipata maji yake sawasawa hubadilika mbele yako: bandeji inaondoka, inabaki vanila na moshi wa mbali kama wa shamba linalochomwa ng'ambo ya mto.

Baada ya kumeza hesabu muda. Wiski nzuri ya moshi hubaki mdomoni dakika nzima au zaidi, na ladha ya mwishoni huwa tofauti na ya mwanzo.

Hatua ya 8: Ukitaka kula nayo

Huko Islay huila na chaza wabichi, wakidondoshea wiski kidogo juu ya chaza kwenye gamba lake. Kwetu, samaki wa kubanika akilainishwa kwa nazi bila pilipili anafaa sana na Talisker. Tende na Lagavulin. Korosho za kukaanga na karibu zote. Chokoleti nyeusi na Ardbeg. Nyama choma nimejaribu mara nyingi; moshi wa nyama hushinda na wiski inapotea, kwa hiyo mimi huisubirisha hadi sahani ziondolewe.

Hatua ya 9: Itunze chupa

Isimamishe wima. Tofauti na divai, kilevi kikali kikikaa kwenye koki kinaila. Iweke kabatini gizani, mbali na jiko, na usiipange juu ya friji kunakopanda joto. Chupa iliyojaa, hata ukiwa umeshaifungua, itakaa vizuri muda mrefu. Ikishuka chini ya nusu hewa huanza kuiba moshi, na baada ya miezi kadhaa utaona makali yamepungua. Waite watu, au ihamishie kwenye chupa ndogo safi inayojaa hadi shingoni.

Hatua ya mwisho: Usioshe glasi usiku huo

Iache mezani, tupu, hadi asubuhi. Kilevi kitakuwa kimeondoka, maji yamekauka, na kilichoganda kwenye kioo ni kile kizito kilichotoka kwenye kimea na pipa. Inuse kabla ya chai. Hapo kilevi hakisumbui tena pua, na mara nyingi ndipo ninapoelewa chupa niliyonunua: Caol Ila huacha majani makavu, Ardbeg masizi, Laphroaig kitu kama kamba ya mashua.

Usiku ule shemeji alilala kwetu. Alfajiri nilimkuta sebuleni, mswaki mkono mmoja, mkono wa pili ameshika glasi yake ya Lagavulin puani, macho amefumba.

"Samaki ameondoka, shem," akasema. "Imebaki nyumba aliyokaushiwa."